Duara Moja Kwenye Ini

Gauni la hospitali halikumtosha. Muuguzi akaleta la pili, akamvalisha moja kwa mbele na jingine kwa nyuma. Talahiva alilala kwenye kitanda chembamba, akasukumwa ndani ya mashine ya MRI mikono ikiwa juu ya kichwa, kwa kuwa ubavuni haikuenea.

"Vuta pumzi. Shika. Usitikisike," sauti ilimwambia masikioni.

Hakuhesabu sekunde. Alisali Baba Yetu kimoyomoyo, na kila alipofika kwenye mkate wa kila siku aliruhusiwa kupumua. Hakutikisika hata mara moja. Bintiye Pelenaise, mwenye miaka kumi na tisa, alihitaji kipande cha ini ili aishi, na ini la mama yake lilikuwa la kundi moja la damu naye. Kilichobaki ni mashine kusema lina mafuta kiasi gani.

Wiki iliyofuata alikaa mbele ya Daktari Whitcombe.

"Asilimia kumi na nne, Talahiva. Hapa kwetu mwisho ni kumi. Ini la namna hiyo hatulikati. Ni hatari kwako na kwa binti." Akamtazama kuanzia mabegani hadi kwenye viatu. "Kwa kweli sishangai. Watu wa visiwani tunawapata wengi. Mnapenda sana nyama ya kopo, au siyo?"

Kule kisiwani Vava'u alikokulia, mtu mwenye cheo habishiwi. Akisema, unainamisha macho, unakubali, unashukuru. Nyumbani kwake, hapa ugenini Mount Druitt, kopo la nyama lilikuwa halijafunguliwa tangu Pelenaise alipoanza kuugua, miaka miwili iliyopita.

"Ndiyo, daktari," alisema. "Asante, daktari."

"Punguza uzito. Urudi baada ya miezi minne, tupime upya."

"Na mtoto?"

"Tutaendelea kumwangalia."

Daktari aliandika kwamba mtoaji wa ini ameelezwa, ameelewa, hana swali.

Talahiva alianza siku hiyo hiyo. Alikula kabichi iliyochemshwa bila chumvi. Akitoka kazini, kwenye chumba cha kufulia mashuka ya hoteli, aliiacha treni ikapita, akatembea saa moja na nusu hadi nyumbani. Jumatano na Ijumaa alifunga na kusali. Alimwomba Mungu ayayeyushe mafuta ya ini lake, na alilitaja ini kwa jina, bila aibu, kama wengine wanavyotaja mvua. Nyumbani alimkuta Pelenaise akijikuna miguu kwa brashi ya nywele. Nyongo ilikuwa imemwingia kwenye ngozi. Kila asubuhi shuka lake lilikuwa na michirizi ya damu, na Talahiva alilifua kwa mkono, ingawa kazini alikuwa na mashine kumi na mbili.

Katika mwezi wa tatu wa kujinyima, kanisa lilifanya karamu. Meza zilijaa nguruwe wa kuchoma na majani ya magimbi yaliyopikwa kwa tui. Kukataa chakula pale ni kuwatukana waliopika. Mke wa mchungaji alikuwa tayari ameshamjazia sahani.

"Nani kamwekea huyu nguruwe?" sauti ikapasua ukumbi.

Ilikuwa ya Shangazi Vaimoana, dada wa marehemu mume wa Talahiva. Mbele ya shangazi, watoto wa kaka yake wote ni wake, na hakuna wa kumjibu.

"Ondoeni! Mnataka kumuua mtoto wangu?" Akaivuta ile sahani, akaketi, akaanza kuila yeye mwenyewe. "Ini langu hawalitaki, limezeeka. Acheni nilinenepeshe." Watu wakacheka. Shangazi naye alicheka huku anatafuna, kisha akajifuta macho kwa kiganja.

Miezi minne ilipotimia, Talahiva alikuwa amepungua kilo kumi na tisa. Safari hii gauni moja lilifunga. Mtaalamu wa picha aliitwa Tuyet, mwanamke wa makamo mwenye miwani ya kamba. Alipomaliza hakumwambia aende. Alimwita mbele ya kioo cha kompyuta.

"Dada, una asilimia nne. Lakini njoo uone. Hii ni picha yako ya kwanza."

Kwenye ini la kijivu palikuwa na duara moja dogo, pembeni, karibu na mkunjo.

"Mafuta hupenda kujikusanya hapo, hata kwa mtu mwenye afya kabisa. Inatakiwa tuweke maduara tisa, sehemu zote, ndipo tupate wastani. Siku ile tulikuwa na watu thelathini na mmoja. Aliyesoma aliweka moja." Tuyet alibonyeza tena na tena, hadi ini lote likajaa maduara. "Nimeisoma upya ile ile ya zamani. Ni asilimia sita."

"Mashine ilikosea?"

"Hapana, dada. Ilipima pale ilipoambiwa ipime. Na kumi na nne haikumshtua mtu." Aliutazama mwili wa Talahiva, akashusha macho.

Daktari Whitcombe alikuwa na karatasi zote mbili mezani.

"Ini lako halina tatizo," alisema.

"Halikuwa na tatizo tangu mwanzo."

Alikuwa hajawahi kumbishia daktari maishani.

Daktari aliigeuza karatasi ya zamani. "Huku nyuma imeandikwa kwamba mtoaji anaweza kuomba kipimo kisomwe mara ya pili. Ungeuliza siku ile, tungekisoma."

"Basi nauliza sasa. Mnakata lini?"

Daktari alivuta kiti.

"Picha za binti za juzi zimeonyesha saratani kwenye njia za nyongo. Miezi minne iliyopita haikuonekana. Ikishaingia, kanuni zetu haziruhusu kupandikiza. Samahani, Talahiva. Ukitaka, nitamweleza mwenyewe."

"Nitamweleza mimi."

Pelenaise alikuwa amekaa kwenye kiti cha magurudumu penye mlango wa kutokea, macho ya njano, viatu mapajani. Miguu ilikuwa imevimba.

"Wamesemaje, mama?"

Talahiva alipiga magoti sakafuni. Alitafuta maneno, akapata yale tu ambayo yalikuwa kweli na yangeweza kutoka kinywani.

"Wamesema ini langu ni zima."

Pelenaise alifunika mdomo kwa mikono miwili. Kisha akacheka, kicheko cha zamani, hata watu waliokuwa kwenye foleni ya dawa wakageuka kutazama.

"Lini sasa? Mama, niwaambie chuoni? Niwaambie lini?"

Talahiva alishika kiatu kimoja, akakipanua kwa vidole, akaanza kuuingiza mguu wa mwanawe. Haukuingia. Akalegeza kamba, akajaribu tena.