Filamu Isiyo na Funzo

Msichana alikuwa ananing'inia kwenye waya juu ya bonde, kwa mkono mmoja, na mwanamume mwenye koti la kijivu alikuwa amevua glavu na kumnyooshea mkono wake. Hapo ndipo makamu wa mkuu wa shule, ambaye sote tulimwita Makamu, alipobonyeza kitufe. Picha ikaganda kwenye shuka jeupe lililotundikwa ukutani mwa bwalo. Akatugeukia.

"Haya, mabinti. Mpaka hapa tumejifunza nini?"

Bwalo zima likanitazama mimi.

Lazima nieleze heshima hiyo niliipataje. Katika bweni letu la wasichana, filamu ya Jumamosi alasiri ilikuwa kama dawa ya minyoo: unaimeza, kisha unafungua mdomo kuthibitisha imeshuka. Makamu aliisimamisha katikati, mmoja wetu akasimama kutoa funzo, ndipo ikaendelea. Nami, niliyekuwa kidato cha pili na sina haya hata ya kuazima, nilikuwa bingwa wa mafunzo. Filamu ya ng'ombe aliyepotea: "Tumejifunza umuhimu wa uzio, Mwalimu." Filamu ya nahodha aliyezama na meli yake: "Tumejifunza kwamba kuogelea ni kujiheshimu." Niliyasema hayo macho nimeyafumba nusu, kwa sauti ya msibani, huku wenzangu wakiuma kola za sare wasicheke. Makamu alitikisa kichwa kwa kuridhika. Sikuamini neno hata moja, wala sikukosa usingizi kwa hilo.

Siku ile pia nilikuja na funzo mfukoni. Nilishasikia kwamba ni habari za jasusi wa miaka kumi na mitano, nikajua kila kitu kabla ya taa kuzimwa: nywele zake hazitavurugika, atawaangusha wanaume kumi kwa teke moja, kisha atatuhimiza tusome hisabati. Nikachagua benchi la nyuma kabisa ili nipate pa kupigia miayo.

Sikupiga hata mmoja. Yule msichana alikuwa mwoga! Kabla ya kuruka kutoka juu ya treni alitapika, akajifuta kwa mkono wa sweta, akasema, "Afadhali, sasa ni mwepesi," akaruka. Alidanganya vibaya, akashikwa. Akadanganya tena, vibaya zaidi. Nilijikuta nimehama benchi baada ya benchi hadi mbele, nimeung'ang'ania mkono wa rafiki yangu Kijiti, naye ananiambia meno yameumana, "We, kucha zako!"

Ndipo picha ikaganda.

"Mwanafalsafa wetu," Makamu akasema. "Simama."

Nikasimama. Funzo lilikuwa ulimini, limeiva: ujasiri, ushirikiano, kutii wakubwa, chagua unalotaka. Lakini niliutazama ule mkono ulionyooshwa, ambao hakuna aliyejua kama ni wa rafiki au wa msaliti, nikaona nikifungua kinywa tu nitakuwa nimeitemea mate filamu hii kama nilivyozitemea nyingine zote. Nyingine zilistahili.

"Hakuna funzo, Mwalimu."

"Unasemaje?"

"Ni tamu tu."

Makamu akakunja mikono. "Basi haiendelei mpaka lipatikane. Na silitaki kwa mwingine. Kwako wewe."

"Shoga, sema chochote," Kijiti akanong'ona. "Sema tuheshimu waya!"

"Siwezi."

"Huwezi? Wiki iliyopita ulipata funzo kwenye tangazo la sabuni!"

"Dada, tunakuomba," sauti nyembamba ya kidato cha kwanza ikatoka nyuma. Wengine hawakuomba; walinitajia mababu zangu. Sikuketi.

Makamu akazima. Shuka likarudi kuwa shuka.

Miaka miwili imepita, na mwisho wa filamu ile sijauona. Sijutii. Ningejutia funzo.

Siku ile adhabu ya bwalo zima ilikuwa kusugua sufuria za jikoni, na zilizoungua kuliko zote zikasukumwa kwangu bila neno. Tulisugua kama wafiwa. Kisha mmoja akasema yule wa koti hakuwa msaliti. Mwingine akamwita kipofu. Ghafla uwanja mzima wa jikoni ukawaka: povu likaruka, upawa ukageuka waya, mtu akaning'inia kwenye mlango wa ghala apate kuonyesha. Ila mimi hakuna aliyenisemesha.

Hatukumwona Makamu akifika. Alisimama penye bomba, akitusikiliza, nasi tukaganda.

"Angekuwa msaliti," alisema taratibu, "asingevua glavu kwanza."

Mimi nilikuwa na jibu. Kijiti, aliyekuwa amenipa mgongo muda wote ule, akageuka, akanirushia dodoki kifuani.

"Mjibu basi," akasema. "Mdomo si unao?"

Nikamjibu.