Kivuli cha Migunga Mia Nne na Kumi na Mbili

"TANGAZO. Wananchi wote wa Kata ya Mwandutu wanaarifiwa kwamba kuanzia Jumatatu, tarehe 3 Septemba 1984, ni marufuku kuegesha baiskeli katika kivuli cha mkwaju, mashariki mwa ofisi ya kata, kwa kuwa kivuli hicho kimetengwa kwa ajili ya gari la wageni."

Tangazo lilibandikwa mlangoni kwa uji wa muhogo. Halikutaja kwamba mkwaju wenyewe ulikatwa mwezi wa Juni. Hapakuwa na haja. Kila mtu aliuona ukianguka, na kesho yake kila mtu aliona kwamba kivuli chake kimebaki pale pale, kikizunguka na jua, matawi yakitikisika upepo ulipovuma.

Ndivyo ilivyokuwa mlimani pia. Migunga mia nne na kumi na mbili ilikatwa na kupelekwa Bulyanhulu ikawe matimba, yaani magogo ya kuzuia kuta za mashimo ya dhahabu zisiwaangukie wachimbaji. Kata ilipewa mabati ya kuezekea ofisi. Mlima ukabaki mweupe kama kichwa kilichonyolewa, isipokuwa vivuli, ambavyo havikuhama.

Kalisti, bwana miti wa kata kwa mwaka wa kumi na moja, alilipokea jambo hilo kama alivyoyapokea mengine ya idara yake. Januari walipanda miche elfu mbili, ikakauka yote. Ilipandwa ikiwa ndani ya viriba vya plastiki, kwa sababu viriba vilitakiwa kurudishwa stoo vikiwa vizima. Viriba vilirudishwa. Kalisti alipewa barua ya pongezi.

Kilichomnyima raha ni ngitili ya Limi. Ilikuwa eka kumi na nane, uwanda wa mwisho wenye miti katani. Mama huyo mjane aliufunga kila masika ili nyasi zikue, akaufungulia ng'ombe wake kiangazi kilipokaza. Katikati yake palikuwa na kisima, na mwaka huo wa ukame ndicho pekee kilichokuwa na maji. Sasa shehena ya pili ya matimba ilitakiwa kutoka humo, kisha ardhi ilimwe pamba. Kilichosubiriwa ni idhini ya mkoa.

Kalisti akaamua kuuonyesha mkoa hasara ya shehena ya kwanza. Kwa siku tisa alipanda mlimani na futi kamba, akapima kivuli cha kila mti uliokatwa, saa sita kamili mchana. Kuvipima jioni, vikiwa virefu, aliona ni udanganyifu.

Siku ya tisa alimkuta Limi akichunga ng'ombe sita.

"Shikamoo, Mama Tabu."

"Marahaba, Bwana Miti. Bado unapima giza?"

"Napima ushahidi."

Jashvant, mwenye lori kutoka Tinde, alikuwa amelala chali kando ya gari lake, kofia usoni.

"Na wewe Jashvant," Limi akasema, "huoni haya? Unapumzika chini ya mti uliouhamisha mwenyewe!"

"Mti nilibeba, mama, sikatai. Huu hasa ulinivunjia springi." Jashvant aliisogeza kofia, akatazama majani yakicheza kifuani mwake. "Lakini kivuli hakikuwemo kwenye hati ya mzigo. Ningekibeba vipi?"

"Walikuwa saba ng'ombe wangu," Limi akamwambia Kalisti. "Mmoja alilamba kivuli cha maganda ya mgunga siku tatu, akafa na ulimi una vumbi. Andika na hilo."

Kalisti aliandika, chini ya kichwa cha habari "Mengineyo".

Mgeni wa mkoa alifika Jumatatu. Alikuwa Ndugu Scolastika, mwanamke mpole mwenye miwani, na Landrova yake iliegeshwa kivulini pasipo ugomvi. Katibu Kata, Ndugu Abdu, alimkaribisha kwa hotuba kuhusu vita dhidi ya jangwa. Kisha ripoti ya vipimo ikasomwa yote, kurasa kumi na nne, na Kalisti akaona kwa furaha kwamba mgeni anapiga mistari kwa kalamu nyekundu.

"Vivuli hivi vinasogea?" akauliza Ndugu Scolastika.

"Vinafuata jua, Ndugu."

"Kama vya msitu wowote. Vinapunguza joto?"

"Vinapunguza. Lakini havishiki maji, haviotеshi nyasi, havileti—"

"Moto vinashika?"

"Hapana, Ndugu."

"Mbuzi wanavila?"

"Wamejaribu."

Ndugu Scolastika alivua miwani. "Ndugu Kalisti, kwa miaka mingi natafuta katika mkoa huu msitu usioungua, usioliwa na mbuzi wala kuibiwa kuni. Hongera sana."

Limi alisimama nyuma ya mkutano. "Na kisima changu?"

"Swali zuri, mama," akasema Ndugu Abdu. "Tunaomba liandikwe."

Liliandikwa.

Barua ya mkoa ilikuja baada ya wiki tatu. Kalisti aliipeleka mwenyewe kwenye ngitili, akaisoma akiwa amesimama. Limi alikuwa akiteka maji. Barua ilisema vivuli vya Mwandutu vimetambuliwa kuwa msitu wa hifadhi. Kwamba kwa vipimo makini vya bwana miti, kata imevuka lengo lake la misitu. Na kwamba ziada hiyo inaruhusu ngitili ya Mama Tabu kuvunwa bila madhara kwa hali ya hewa ya mkoa. Mama Tabu atakabidhiwa, baada ya ukataji, vivuli vyote vitakavyobaki, viwe mali yake na ya warithi wake.

Limi aliinua ndoo, akaiweka ukingoni.

"Vipimo vya nani?"

"Vyangu, mama."

"Ulipima vizuri."

"Ndiyo, mama."

"Na maji? Nayo yataacha kivuli?"

Kalisti alisema hajui, atauliza. Aliuliza kwa barua yenye nakala tatu. Jashvant alikuja na lori Jumanne, akakata kwa siku kumi na moja. Vivuli vikabaki, vizuri kabisa, eka zote kumi na nane. Siku ya kumi na mbili Limi alishusha ndoo kisimani akapandisha mchanga.

Jibu lilifika Novemba, likabandikwa mlangoni kwa uji wa muhogo:

"TANGAZO. Kuhusu suala la kisima, imeamuliwa iundwe kamati ya watu saba, itakayokutana kiangazi kijacho. Wakati huohuo, kwa kuwa vivuli katani sasa vinatosheleza, wananchi wanaruhusiwa tena kuegesha baiskeli mashariki mwa ofisi."