Biasha aingia hewani

Biasha alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni pale Ikwiriri. Asubuhi moja mgeni wao Zaidi, fundi wa mitambo, alitundika waya kati ya minazi ya uani, akawasha redio yake ya mawasiliano na kuanza kuita. Biasha akasogea na mwiko mkononi.

"Unaongea na nani?"

"Na yeyote atakayenisikia. Jaribu, dada."

Akashika kipaza sauti. "Hodi huko! Ni Biasha wa Ikwiriri!"

Redio ikakwaruza, kisha mzee mmoja akajibu kutoka Maskati, kwa Kiswahili safi: "Karibu! Umepika nini leo?"

"Wali wa nazi na kambale!"

Walipiga soga hadi wali ukaungua. Biasha hakujali. Akamgeukia Zaidi: "Leseni ya haya mambo inapatikanaje?"

Sasa anayo, na kila Ijumaa yuko hewani.