Ile Yenyewe

Kazini walimwita Mama Panya, na hakuchukia. Mtu aliyefuga panya weupe miaka kumi na minane, akawachoma sindano, akawapima damu na kuwatupa kwa mamia kwenye mifuko ya njano, angeitwa nini tena? Nyumbani ni mdogo wake peke yake aliyethubutu kumtania kwa jina hilo. Mdogo mtu mwenyewe alikuwa Chiriku, kwa sababu mdomo wake haukujua kupumzika tangu alipoota meno.

Mama Panya alikuwa akitafuta chanjo ya homa kavu. Homa hiyo huanza kama mafua ya kawaida, kisha virusi hushuka mapafuni, na siku ya nane mgonjwa ama anaomba chakula ama anafunikwa shuka. Chanjo ya kwanza iliwakinga panya vizuri, ikashindwa kwa nyani, na miaka sita ikaenda na maji. Ya pili ilikuwa na matumaini hadi friji kubwa la maabara lilipozimika Jumamosi moja bila mtu kujua. Jumatatu wakakuta chupa zote zimepata vuguvugu, chanjo imeharibika. Siku hiyo alikaa chini sakafuni na koti lake jeupe, akalia bila haya. Chiriku alimfuata na chupa ya chai.

"Dada, wenzako wanaolewa, wanaachika, wanaolewa tena. Wewe uko na panya wale wale."

"Sio wale wale. Wale walikufa."

Wakacheka mpaka chai ikamwagika. Kesho yake Mama Panya akaanza upya.

Ya tatu ndiyo iliyofika kwa watu. Wakatafutwa watu elfu sita wa kujitolea. Nusu yao wangechomwa chanjo na nusu maji ya chumvi, ili ionekane nani ataugua na nani atasalimika, na vichupa vilifanana kama mapacha. Kila mshiriki alipewa namba. Orodha ya nani kapata nini ilikuwa kwa mfamasia mmoja mkavu asiyejua mzaha, ndani ya kabati lenye kufuli. Aliyechoma hakujua, aliyechomwa hakujua, na Mama Panya, aliyeihangaikia chanjo hiyo kuliko wote, naye hakujua. Ndivyo kazi hiyo inavyotakiwa, maana binadamu akishajua anachokitaka, atakiona hata kama hakipo.

Chiriku alikuwa muuguzi wa wodi ya homa kavu, naye akapanga foleni kama wengine. Alipofika mezani kwa dada yake akainama na kushusha sauti, jambo ambalo kwake lilikuwa kazi ngumu.

"Dada, mimi utanipa ile yenyewe, si ndiyo?"

Jibu lilikuwepo. Limeandikwa kwenye fomu, na Mama Panya alikuwa amelisema mara mia mbili tangu asubuhi: hakuna anayejua, hata mimi sijui. Lakini foleni ilikuwa ndefu, miguu inamuuma, na tuseme ukweli, ilimpendeza kuonekana mwenye nguvu mbele ya mdogo wake, walau siku moja, baada ya miaka yote ile ya kushindwa. Akacheka kidogo.

"Nenda kakae pale, mpiga kelele wewe."

Hakuahidi kitu. Hata mahakamani asingepatikana na kosa. Lakini kicheko cha dada mkubwa mdogo mtu hukisoma anavyotaka, na Chiriku alikisoma kama ahadi. Kabla ya mchana wodi nzima ilikuwa na habari. "Dada yangu ndiye mpishi," aliwaambia wenzake. "Mpishi gani atamnyima mdogo wake nyama?"

Tangu hapo akaanza kujiachia. Wazee wasiosikia vizuri aliwavulia barakoa ili wamsikie, maana Chiriku bila sauti si Chiriku. Vitanda ambavyo wenzake walivikwepa, yeye alivikimbilia. Muuguzi mkuu akamsimulia Mama Panya wakiwa kwenye kantini, tena kwa utani: mdogo wako anasema ana kinga ya nyumbani. Mama Panya akacheka, kisha chakula kikamshinda. Akaazimia kumwambia Jumapili. Jumapili walikutana kwa mama yao, na binti wa Chiriku, mtoto wa miaka tisa, alikuwa ameng'oka jino na hakutaka mtu azungumzie kitu kingine. Akaahirisha. Jumapili iliyofuata Chiriku alikuwa zamu. Ile ya tatu, alikuwa kitandani.

Siku ya sita aliomba atolewe barakoa ya hewa kidogo aseme jambo.

"Dada, usijilaumu. Hakuna dawa inayoshika kwa kila mtu. Mimi nimekuharibia hesabu tu."

Mama Panya alimshika mkono. Asingeweza kumwambia alipata nini, kwa kuwa hakujua. Angeweza kumwambia kwamba hajui, na hilo ndilo alilopaswa kulisema tangu mwanzo, lakini sasa lingemsaidia nini? Akamrudishia barakoa ya hewa. Siku ya nane Chiriku akafunikwa shuka.

Miezi mitatu baadaye mfamasia akafungua kabati. Waliougua walikuwa arobaini na sita, na arobaini na watatu kati yao walikuwa wamechomwa maji. Profesa, mzee aliyeanzisha maabara ile, akamkumbatia Mama Panya mbele ya watu wote, watu wakapiga makofi, na wasichana wa maabara wakalia kwa furaha. Walikuwa na haki ya kufurahi. Chanjo ilifanya kazi, na iliyoyathibitisha hayo ni miili ya wale arobaini na watatu. Bila wao pasingekuwa na cha kupigia makofi.

Mama Panya akapitisha kidole kwenye orodha. Mshiriki 312, namba ya Chiriku: maji. Hakulia. Mfamasia yule mkavu alimvutia kiti, akasimama nyuma yake mpaka chumba kilipobaki kitupu.

Chanjo iliporuhusiwa, walianza na watoto wa mitaa yenye homa. Binti wa Chiriku alikuwa akiishi kwa bibi yake katika mtaa mmojawapo, na darasani kwake viti viwili vilikuwa tayari vitupu. Bibi akakataa kumtoa akachanjwe.

"Mama yake alichanjwa, akafa," alimwambia Mama Panya. Alikuwa akikunja sare za shule na hakuinua macho. "Na kazi ile ni yako. Huyu humgusi."

Mama Panya alikuwa amejiandaa kwa takwimu. Zote akaziona hazina maana. Kulikuwa na jambo moja tu la kumwokoa yule mtoto, na jambo hilo lingemkosesha Mama Panya mama yake. Akapiga moyo konde.

"Mama, Chiriku hakupata chanjo. Alipata maji ya chumvi."

Mikono ya mama ikasimama juu ya sketi ya bluu. "Yeye alijua?"

"Hapana. Alidhani nimempa ile yenyewe."

"Nani alimwambia hivyo?"

"Hakuna aliyemwambia. Aliniuliza, mimi nikacheka."

Mama akakunja ile sketi, akaikunjua, akaikunja tena. "Alikuuliza," alisema taratibu, "ukacheka."

"Ndiyo, mama."

"Niondokee. Nikiweza kukutazama nitakuita."

Hakumwita. Lakini siku ya nne, Mama Panya akiwa kwenye meza ya chanjo pale shuleni, alimwona kwenye foleni, kamshika mjukuu mkono. Zamu yao ilipofika mama hakutoa salamu wala kupokea. Alimsukuma mtoto mbele kidogo, akageukia ukuta.

Mtoto alikunja mkono wa shati mpaka begani. Kisha akakishusha kichwa kama mtu anayeuliza siri, na Mama Panya akakifahamu kile kichwa, ile shingo, na ile sauti isiyozoea kunong'ona.

"Mama mkubwa, hii ni ile yenyewe?"

Mama Panya akaweka bomba la sindano mezani. Akachuchumaa, akamwonyesha kichupa, akamsomea maandishi yake yote mpaka tarehe.

"Ndiyo. Hapa hakuna nyingine."

"Na mama alipata hii?"

Foleni nzima ilikuwa inasikia. Bibi aligeuka kutoka ukutani, akamtazama binti yake usoni kwa mara ya kwanza tangu siku ile.

"Hapana, mwanangu. Mama yako alipata maji. Mimi sikumwambia kwamba yanaweza kuwa maji."

Mtoto alifikiri sana. Ulimi ukaenda penye pengo, ambapo jino jipya lilikuwa limeshaanza kuchomoza.

"Mimi uniambie kabla hujachoma," alisema.

"Nakuambia," alisema Mama Panya, akachukua bomba. "Nachoma sasa."