Bia Nyeusi ya Povu

Bia ya kwanza niliyoionja maishani niliitema kwenye sinki, na kaka yangu akacheka mpaka akashika ubavu. Wakati huo bado alikuwa na nguvu za kucheka.

"Umemfukuza mgeni kabla hujamuuliza habari," alisema. "Meza kidogo, halafu uniambie inafanana na nini."

Kaka alikuwa mpishi wa bia katika kiwanda kidogo nyuma ya gereji za malori. Wenzake walimwita Povu, na jina likamganda hata mtaani. Mama peke yake ndiye aliyekataa kulitumia. Mimi ni mshonaji wa sare za shule. Nilikuwa sijawahi kugusa pombe. Harufu yake ilinikumbusha marehemu baba akitafuta tundu la kitasa.

Kilichonifikisha kwenye sinki ile ni ugonjwa. Uvimbe uliota nyuma ya pua ya kaka, na mionzi ya hospitali iliyouchoma uvimbe ikauchoma na ulimi wake. Kula kwake kukawa kama kutafuna karatasi. Na kule kiwandani, ndani ya tangi la mwisho, kulikuwa na bia nyeusi aliyoibuni mwenyewe, ya kwanza ambayo mwenye kiwanda alikubali kuiuza kwa jina la Povu. Ilikuwa imeshapikwa, hamira inafanya kazi yake. Kaka alijua hatapika nyingine. Alitaka itoke ikiwa sawa, basi, na hakuwa tena na ulimi wa kuijua.

"Niazime wako," aliniambia.

Akanifundisha akiwa amelala, mimi nimekaa kwenye kigoda, chupa zimesimama dirishani. Maneno "nzuri", "mbaya" na "tamu" aliyapiga marufuku. Alisema nzuri ni salamu tu, haimwambii mpishi kitu. Nilitakiwa kusema ninachokumbuka: mkate, chuma, nyasi iliyokatwa, sanduku la nguo.

Mama alikuwa akisimama mlangoni na bakuli la uji. "Mgonjwa anataka uji, wewe unamletea chupa."

"Hanywi yeye, Mama. Nakunywa mimi."

"Na hiyo ndiyo afadhali?"

Nilianza na bia nyepesi ya rangi ya dhahabu, ambayo kwangu ilikuwa maji yaliyooshewa mkate. Kaka akafurahi, alisema sijakosea sana. Kisha ya ngano, yenye ukungu, na humo nilikuta ndizi mbivu na karafuu ingawa hakuna aliyezitia. "Hiyo ni hamira," alisema. "Yeye ndiye mpishi, mimi namfungulia jiko tu." Bia chungu ya hopsi, yale maua yanayotiwa kuipa ukali, ilinikunja uso mara ya kwanza, mara ya tatu nikasikia ganda la chungwa nyuma ya uchungu ule. Ilikuwepo pia bia chachu, iliyochachushwa kwa makusudi, kali kama tunda lisiloiva. Hiyo niliipenda kuliko zote, na siku moja nikajikuta nimemaliza glasi bila kutumwa. Kaka aliitazama glasi tupu. Alikuwa amekonda mpaka pete ya kidoleni ameifunga uzi.

Nilipokwenda kiwandani kuonja bia yake, wafanyakazi walinipa jina mlangoni. "Ulimi wa Povu huyo, mpisheni."

"Ulimi hauna mfupa," mmoja akasema.

"Huu una cheo, bwana."

Walinikingia glasi kutoka bomba dogo la tangi. Ilikuwa nyeusi kama mafuta ya gari, povu lake la kahawia. Nilikuta kahawa, mkate ulioungua kingo, na nyuma ya hayo kitu laini kilichoganda mdomoni. Nilirudi nyumbani nikamwambia kaka: siagi.

Alifumba macho akifikiri. "Siagi si msiba. Waambie waache tangi lipate joto siku chache, hamira itaila yenyewe."

Wakafanya hivyo. Kila nilipofunga cherehani nilipitia kiwandani, nikaonja, nikampelekea habari. Siagi ikapungua, kisha ikaisha. Lakini mahali pake palibaki kitu chembamba, na kila siku kilinenepa. Nilikijua kabla sijakubali kukijua. Ilikuwa siki.

Jioni nilipokitambua, mwenye kiwanda alikuwa ameonja pia. Alisema atanisindikiza akamwone mgonjwa. Njiani alitembea na kofia mkononi, na tulipofika akaingia mbele yangu.

"Fundi," alisema, "bia yako nzuri. Nzuri sana. Wiki ijayo tunaijaza kwenye chupa."

Kaka alimshukuru kwa adabu, kisha akageuza shingo taratibu kunitafuta. "Inafanana na nini?"

Mama alikuwa anakunja shuka. Mikono yake ikasimama. Mwenye kiwanda alinitazama kama mtu anayekuzuia usikanyage kitu.

Ningeweza kusema kahawa, nikanyamaza hapo, na nisingekuwa nimedanganya. Lakini alikuwa amelala pale akisubiri ulimi wake.

"Siagi imekwisha," nilisema. "Kuna siki."

"Mbele au nyuma?"

"Mbele. Halafu inabaki kooni."

"Fundi, sikiliza," mwenye kiwanda aliingilia. "Watu wanakunywa bia chachu siku hizi. Tunabadilisha lebo, basi. Nani atajua?"

"Mgeni na mwizi wote huingia ndani, mzee," kaka alisema. "Tofauti ni nani alifungua mlango."

Akaniuliza kama bomba la kuonjea lina mpira mweusi au mwekundu. Nikamwambia mweusi, umepasuka kidogo. Sauti yake ikashuka.

"Huo ulipaswa kutupwa kabla sijapika, siki huanzia kwenye nyufa zake. Huwa unanuka ukioza, unanuka hata ukiwa mlangoni. Niliufunga kwa mkono wangu. Pua ilikuwa imeshakufa na mimi sina habari."

Kaka akamtazama mwenye kiwanda, kisha mimi.

"Mwageni," alisema. "Yote. Halafu mwoshe tangi kwa soda kali ya kusafishia, mkachome mipira yote. Nenda wewe ukasimamie. Hawa watabakiza."

Mama alinifuata nje mpaka kwenye ngazi. "Ungesema nzuri, ungepungukiwa nini?" aliniuliza. "Mtoto anakufa, wewe unamhesabia siki."

Kesho yake asubuhi niliacha sare za watu mezani, nikaenda. Mwenye kiwanda hakubisha. Alifungua tangi mwenyewe, kisha akaingia ofisini akafunga mlango. Bia ilitoka polepole. Mfereji wa sakafuni ulikuwa mwembamba, povu likarudi juu, likatufunika viatu, na ikabidi tufunge bomba kila mara kusubiri literemke. Harufu ya kahawa ilijaa chumba chote. Wafanyakazi walifanya kazi bila utani. Nilitaka kuondoka, lakini nilikuwa nimeagizwa kusimama mpaka mwisho, nikasimama.

Nilipofika nyumbani majirani walikuwa wameshakaa barazani. Mama alikuwa chumbani, ameketi kwenye kigoda changu. Alisema kaka aliamka saa nne akauliza, "Imekwisha?"

"Sikujua anauliza nini hasa," Mama alisema. "Nikamwambia imekwisha, mwanangu. Akashusha pumzi, ndiyo ikawa ya mwisho."

Saa nne tangi lilikuwa halijamwagwa hata nusu. Nilimvua Mama viatu, nikamwambia ni kweli, ilikuwa imekwisha.