Kipande cha Kuonja

Mwaka ule wa njaa, 1984, tulihama Kitui tukakodi chumba Muyeye, huku pwani. Kwetu, wakati wa kiangazi, tunda linalodonolewa na ndege watu hulila bila hofu. Mume wangu Kioko akaipeleka kanuni hiyo baharini, mtu wa bara asiyejua hata kuogelea!

Maji yalipokupwa aliona mwambani kitu kama ua nene, lenye vidole laini, na kisamaki cha rangi ya chungwa kimejilaza ndani yake.

"Mwikali, lingekuwa na sumu, kisamaki kingekufa," aliniambia.

Jirani yetu Kahonzi, Mgiriama, alimkataza. "Lile huwachoma samaki wengine likawala. Hicho kimelizoea tu."

Kioko akacheka, akalibandua. Vidole vilimwasha, akasema ni chumvi.

Nililichemsha kidogo tu, kuni zikaisha. Desturi yetu, chakula kigeni baba huonja kwanza, watoto wangoje. Akatafuna kipande kimoja. Midomo ikafa ganzi, koo likavimba, akaanguka pale pale akitafuta pumzi hadi akazikosa.

Nilipoimwaga ile sufuria, watoto wangu walilia kwa sauti kubwa kuliko walivyomlilia baba yao.