Nishikie

Kila mwaka Shaabani ikikaribia kwisha, sisi wenye matela huenda kuvunja jungu, kula na kunywa pamoja kabla ya mfungo, huko Mwera, ukingoni mwa mto, katika shamba la Bwana Silima. Tuko nyumba nne, zote za Mji Mkongwe. Tela ni kijumba cha mbao na bati juu ya magurudumu mawili; ndani mna kitanda, kabati na dirisha lenye pazia, na gari hukukokotea mpaka unapotaka. Langu hulivuta mwanangu Mbarouk. Tukipita Kiponda, vijana wa barazani hupiga kelele, "Haoo, wenye nyumba za kukokota! Leo mmegombana na nani?" Nasi hucheka.

Mwaka huu nilikwenda na moyo mwengine. Nilimchukua mjukuu wangu Riyama, niliyemlea mwenyewe, na katika begi lake nikatia nguo mpya, kwa sababu nilijua anakwenda kuposwa.

Nirudi nyuma kidogo. Mwaka juzi, hapo hapo mtoni, mimi na Bi Shemsa tulikuwa tukisonga bokoboko la ngano na nyama. Shemsa ni mwenzangu tangu utoto. Tulikaa dawati moja mpaka darasa la tatu, mimi nikaachishwa, yeye akaendelea. Mwiko mkononi, akamtazama Riyama anavyosuuza vyombo, akasema, "Khairat, huyu nishikie."

"Nikushikie nini?"

"Mtoto. Usimtoe. Mwanangu Khelef akishapata kazi..."

Hakumaliza, nami sikumwambia amalize. Kwetu mtu akikwambia nishikie, humuulizi hati. Jirani akikupa ufunguo akasema nishikie, unaushika mpaka arudi, hata ukipita mwaka. Nami nikamshika Riyama. Akaja mwalimu wa Uroa, mtu wa heshima zake, nikamwambia mtoto ana mtu. Wakaja watu wa Jambiani na wazee wao watatu, nikawajibu vilevile. Riyama mwenyewe nilipomwambia alifunika uso kwa mtandio, na tangu siku ile Khelef hamtaji kwa jina, anasema "yule." Sasa Riyama ana miaka ishirini na saba.

Na Khelef keshapata kazi, ya ofisini. Mwaka huu, asubuhi tulipokuwa tunapanga matela, Shemsa akanijia anahema.

"Mwenzangu, leo baada ya alasiri kuna sinia la posa."

"Alhamdulillahi."

"Na jambo hili bila wewe haliwi. Jitayarishe."

"Nshajitayarisha tangu mwaka juzi!" Tukacheka wote wawili. Yeye ndiye aliyeacha kwanza.

Nikasafisha tela, nikatandika mkeka mpya mbele ya mlango, nikafukiza udi mpaka Mbarouk akapiga chafya.

"Mama, unafukuza mbu au unakaribisha wageni?"

"Nenda kanunue soda, acha maneno."

Riyama akavaa, akakaa ndani, pazia akalishusha. Mwari hachungulii posa yake.

Shemsa akaja peke yake, baibui jipya, mikononi sinia lililofunikwa kawa. Nikasimama kumpokea. "Karibu, mkwe wangu, kari..."

Hakukaa. Akaninyooshea lile sinia, sauti akaishusha.

"Nishikie. Twende kwa Dalal. Wewe ndiye mshenga wangu."

Nikalipokea. Mikono ya mtu mzima imezoea, kitu kikinyooshwa hupokea kabla ya akili. Tela la Bi Dalal lilikuwa hatua thelathini tu, karibu na maji. Dalal ana binti yake, Nadra, kamaliza chuo kikuu. Na huyo Dalal mimi ndiye somo yake: alipokuwa anaolewa nilimfunda mimi, siku saba ndani, na mpaka leo jambo la ndoa halifanyi bila kuniuliza. Hatua ya kumi nikafahamu kwa nini sinia limetiwa katika mikono yangu na si ya mtu mwengine.

"Shemsa," nikanong'ona. "Na Riyama?"

"Tutazungumza baadaye. Watu wanatutazama. Usinitie aibu."

Usinitie aibu, ananambia mimi.

Dalal akatoka mbio alipotuona. "Shikamoo, somo! Mbona leo kwa masinia?"

"Marahaba, mwanangu."

Tukakaa, sinia nikaliweka katikati. Shemsa akaeleza haja yake kwa maneno laini, kijana, kazi yake, swala yake. Dalal akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akanigeukia mimi.

"Somo, mimi nina moja tu la kuuliza. Kijana huyu hana ahadi na watu? Sitaki mwanangu aingie juu ya machozi ya mwenziwe."

Nikamtazama Shemsa. Nilimpa nafasi, wallahi nilimpa.

"Hana," akasema Shemsa. "Hana ahadi popote. Si ndiyo, Khairat?"

Nikisema ndiyo, Riyama hakuwahi kutakwa, na mimi nimefukuza wachumba wa watu bure. Nikisema siyo, mpaka magharibi matela yote yanajua, na kesho Kiponda nzima inajua kwamba mtoto kawekwa miaka miwili kisha kaachwa. Lakini aliyeniuliza ni Dalal, na mimi ni somo yake.

"Anayo," nikasema. "Kwangu mimi. Miaka miwili namshikia Riyama."

Dalal akaweka kiganja juu ya kawa, akalisukuma sinia polepole mpaka likagusa goti la Shemsa. "Basi chukua, Bi Shemsa. Sikulifunua."

Shemsa akasimama. "Ushaniharibia, Khairat! Nilikuletea barua mimi? Nilikuletea hata kanga moja? Maneno ya mekoni nayo ni posa?"

"Ulinambia nishikie."

"Nilikwambia. Na mtu akishikiwa kitu, lazima arudi kukichukua? Mwanangu sasa anakaa na wasomi. Riyama kalelewa na nani? Na wewe, uliyeishia la tatu!"

Dawati lile tulikaa wawili. Nikainuka, nikaondoka.

Mbarouk alikuwa kasimama kwenye mkeka na soda zake; alipita karibu na kwa Dalal, keshasikia kila kitu. Ndani sauti ya Riyama ikauliza, "Bibi, washakaa?"

Nikaingia. Nikamwambia yote, sikupunguza, kwa kuwa angeyasikia kwa wengine yakiwa na chumvi. Hakulia. Alichomoa pini za mtandio moja moja akaziweka kitandani.

"Bi Shemsa alisema neno moja tu, bibi," akasema. "Aliyewajibu watu wa Jambiani ni wewe. Mimi hukuniuliza."

Kweli, sikumuuliza. Nilimwambia.

Mbarouk akagonga bati. "Mama, nifunge tela twende zetu?"

"Funga."

"Usifunge," akasema Riyama. "Tukiondoka leo watasema nimekimbia mimi."

Akachukua ndoo, akatoka na zile nguo mpya, akashuka mtoni kuteka maji, kapita mbele ya tela la Dalal na mbele ya tela la Shemsa, kichwa juu. Nikamgeukia Mbarouk, nikamwambia, "Usifunge."